Nimemwandika kwenye cron.deny, mbona kazi zake bado zinaendelea?

*Swali: Habari za kazi. Ninasimamia seva ya Debian inayotumiwa na watu wapatao 40, wengi wao wachambuzi wa takwimu. Mmoja wao aliweka kazi ya cron (huduma inayoanzisha amri kwa ratiba) inayoanza kila dakika, na kila moja huchukua zaidi ya dakika kumalizika, kwa hiyo zinarundikana mpaka seva inakwama. Niliandika jina lake kwenye /etc/cron.deny. Kesho yake kazi zake zilikuwa zinaendelea kama kawaida. Nikaamua kuwafungia wote: nikatengeneza /etc/cron.allow tupu na kuipa chmod 600 (mwenye faili peke yake ndiye anayeweza kuisoma na kuiandika). Sasa hata akaunti ya nakala rudufu haiwezi kuhariri jedwali lake, na nikiiongeza kwenye orodha bado inakataliwa. Juu ya hayo nimegundua kuna mtu anatumia at (amri ya kupanga kazi iendeshwe mara moja baadaye). Nifanyeje ili asiyeruhusiwa asiweze kabisa kupanga kazi? Na kwa nini cron.deny haikufanya kazi?*

Ndugu msomaji, pole kwa usumbufu. Cron.deny ilifanya kazi yake barabara, ila kazi yake si ile uliyoidhania. Na kile kilichokupata kwenye cron.allow ni jambo jingine kabisa, la ruhusa za faili. Nitayatenganisha, kwa sababu ukiyachanganya utabaki unabadilisha faili moja baada ya nyingine bila kujua ni ipi iliyoleta mabadiliko.

Tunaposema "cron" huwa tunamaanisha programu mbili zinazoshirikiana. Ya kwanza ni amri ya `crontab`, ile anayoiandika mtumiaji mwenyewe. Anapoandika `crontab -e`, anafunguliwa nakala ya jedwali lake kwenye kihariri. Akihifadhi, amri inakagua kama mistari imeandikwa sawasawa, kisha inaliweka jedwali hilo kwenye saraka ya `/var/spool/cron/crontabs`, katika faili yenye jina lake. Ya pili ni huduma ya cron yenyewe, inayokaa nyuma muda wote. Kila dakika inaamka, inatazama kama kuna jedwali lililobadilika, na ikiona mstari ambao saa yake imefika, inauendesha kwa utambulisho wa mwenye jedwali.

Cron.allow na cron.deny husomwa na ile programu ya kwanza tu. Huduma haizisomi. Ni kama ofisi yenye karani wa mapokezi na fundi aliye chumba cha ndani: wewe umemwambia karani asipokee tena barua za mtu yule, lakini fundi bado ana barua yake ya jana mezani, na ataendelea kuitekeleza mpaka mtu aingie aiondoe.

Kwa hiyo hatua uliyoiruka ni kuliondoa jedwali lililokuwapo tayari. Ukiwa root (msimamizi mkuu wa mfumo), lihifadhi kwanza, kisha lifute:

```
crontab -l -u mchambuzi1 > /root/crontab-mchambuzi1.txt
crontab -r -u mchambuzi1
```

Usiruke mstari wa kwanza. `crontab -r` haiulizi swali lolote na haina njia ya kurudi, na herufi r iko jirani na e kwenye kibodi. Wako watu waliopoteza ratiba ya miaka kwa kuteleza kwa kidole kimoja. Ukiandika `crontab -i -r` itakuuliza kwanza, na ningependa iwe mazoea yako.

Kufuta jedwali hakuui michakato ambayo imekwisha kuanza. Kwa kuwa kazi za bwana huyu zilikuwa zinarundikana, huenda kuna makumi yake bado yanakimbia. Ziangalie kwa `pgrep -u mchambuzi1 -a`, uone amri zenyewe, kisha uue zile za skripti husika tu. `pkill -u mchambuzi1` ni fupi na inavutia, lakini itaua pia kikao anachokifanyia kazi sasa hivi pamoja na chochote ambacho hajakihifadhi.

Sasa tuje kwenye cron.allow yako iliyogoma. Tazama amri yenyewe kwa `ls -l /usr/bin/crontab`. Kwenye Debian utaona ruhusa zinazoanza na `-rwxr-sr-x`, na kikundi chake ni `crontab`. Hiyo `s` iliyokaa mahali pa kikundi ina maana kwamba mtu yeyote akiiendesha, programu hiyo inabeba haki za kikundi cha crontab, na si haki za root. Ndivyo inavyoweza kuandika kwenye saraka ile ambayo mtumiaji wa kawaida hawezi kuigusa. Wewe umeipa cron.allow ruhusa 600 ikiwa mali ya root na kikundi cha root. Akaunti ya nakala rudufu inapoita crontab, programu inajaribu kusoma orodha, inashindwa, na Debian imeamua kwamba orodha isiyosomeka ni sawa na kumkatalia kila mtu mpaka ruhusa zirekebishwe. Ungeongeza majina 100 humo, jibu lingekuwa lile lile. Tiba ni mistari miwili:

```
chown root:crontab /etc/cron.allow
chmod 640 /etc/cron.allow
```

Ushauri wa kuweka 600 haukutoka hewani. Kwenye Red Hat na jamaa zake, amri ya crontab hubeba haki za root mwenyewe, kwa hiyo 600 inasomeka bila shida. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya familia moja ya mifumo ukinakiliwa kwenye nyingine bila kufikiri, matokeo ndiyo haya. Ikiwa kesho utapewa seva ya FreeBSD, hata mahali pa faili hizi panabadilika: huko zinaitwa `/var/cron/allow` na `/var/cron/deny`. Soma `man crontab` ya mfumo ulio mbele yako kabla ya kusoma ya mtu mwingine.

Baada ya kurekebisha, jaribu kwa kuvaa viatu vya mtumiaji mwenyewe: `sudo -u nakala crontab -l` (tuseme `nakala` ndilo jina la akaunti yako ya nakala rudufu). Akiwa ameruhusiwa na hana jedwali, utaona `no crontab for nakala`. Akiwa amekataliwa, utaona ujumbe unaoanza na `You (nakala) are not allowed to use this program`. Usijaribu ukiwa root, maana root haguswi na orodha hizi hata kidogo.

Kanuni ya kusoma orodha zenyewe ni fupi. Cron.allow ikiwapo, aliyeandikwa humo ndiye anayeruhusiwa, na cron.deny haitazamwi kabisa, hata kama mtu ameandikwa kote kuwili. Cron.allow isipokuwapo lakini cron.deny ikawapo, wote wanaruhusiwa isipokuwa walioandikwa. Zote mbili zisipokuwapo, uamuzi unategemea jinsi programu ilivyotengenezwa kwenye mfumo wako: Debian inawaruhusu wote, mifumo mingine inamruhusu root peke yake. Kila jina linakaa kwenye mstari wake, limeandikwa vile vile linavyotoka kwenye `id -un`. Hili la mwisho huwasumbua wanaotumia akaunti za mtandao, ambako jina kamili linaweza kubeba na jina la kikoa ndani yake.

Kati ya orodha hizo mbili, mimi natetea cron.allow, na sababu yangu si ukali. Cron.deny inakutaka umjue mkosaji kabla hajakosa. Akaunti mpya ikifunguliwa leo, kwa cron.deny imeruhusiwa papo hapo, kwa cron.allow imefungwa mpaka mtu atoe sababu. Kuna na akaunti ambazo hazina mwenyewe, kama `www-data` ya seva ya wavuti. Mvamizi anayeingia kupitia tundu la programu ya wavuti hujikuta ndani ya akaunti hiyo, na jambo la kwanza ambalo wengi wao hulifanya ni kujiandikia mstari wa crontab ili programu yao ya kuchimba sarafu za kidijitali irudi kila ikiuawa. Ikiwa www-data haimo kwenye cron.allow, mlango huo umefungwa, na hukuhitaji kumjua mvamizi mapema.

Huenda ukajiuliza: je, kama programu yangu ya wavuti ina kazi halali ya cron inayoendeshwa na www-data, nitaiharibu? Hapana, kwa sababu ile ile iliyokukera mwanzoni. Jedwali lililokwisha kuwekwa linaendelea kutekelezwa, mwenyewe hata asipokuwa kwenye orodha. Hata hivyo nisingeiacha humo. Ningeihamishia kwenye `/etc/cron.d`, ambako root anaandika ratiba na kutaja kazi iendeshwe na nani. Mistari ya huko haipitii cron.allow, na kila mmoja una sehemu ya ziada ya jina la mtumiaji baada ya sehemu tano za muda:

```
15 2 * * * nakala /usr/local/sbin/nakili-data
```

Kwa seva yako ningeufanya huu kuwa utaratibu wa kawaida. Mchambuzi anayehitaji kazi ya usiku anakuletea ombi, unaisoma skripti, unaona itachukua muda gani, unaiweka cron.d kwa jina lake yeye. Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza, kwenye Debian jina la faili ndani ya cron.d likiwa na nukta, faili hiyo inarukwa kimya kimya, `nakala.sh` haitaendeshwa kamwe, `nakala` itaendeshwa. Wa pili ni mzito zaidi. Usiweke hata siku moja skripti iendeshwe na root huku faili yake, au saraka yoyote iliyo juu yake, inaweza kuandikwa na mtu mwingine. Ukifanya hivyo umempa mtu huyo root, na ukatili wa cron.allow wote hautakuwa na maana. Yeye atabadilisha skripti tu, na saa 8 na dakika 15 usiku itaendeshwa kwa mamlaka yako.

Kwa upande wa `at`, faili zake ni `/etc/at.allow` na `/etc/at.deny`, na kanuni inafanana na ya cron isipokuwa mahali pamoja: zote mbili zisipokuwapo, ni root pekee anayeruhusiwa. Debian huleta at.deny yenye majina ya akaunti za mfumo, kwa hiyo watumiaji wako wa kawaida wamekuwa wakiruhusiwa muda wote. Tengeneza at.allow yenye majina unayoyataka, kisha ukiwa root andika `atq` uone kilichomo kwenye foleni ya kila mtu, na uondoe kisichotakiwa kwa `atrm` na namba yake. `batch`, ndugu ya at inayosubiri seva itulie, inafuata orodha hizo hizo. Ila niulize: kuna mtu anayeihitaji at hapo? Kama hakuna, `systemctl disable --now atd` inamaliza mjadala, na kifurushi chenyewe unaweza kukiondoa.

Kisha kuna njia ya tatu, ambayo orodha hizi hazina habari nayo. Systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, inampa kila mtumiaji meneja wake wa huduma, na mtumiaji anaweza kuandika vipima muda vyake ndani ya `~/.config/systemd/user` bila kukuomba chochote. Kwa kawaida vipima muda hivyo hufa anapotoka kwenye mfumo. Lakini akiandika `loginctl enable-linger`, meneja wake anabaki hai hata akiwa amelala nyumbani kwake, na kwenye mifumo mingi anaweza kujiwashia hali hiyo mwenyewe. Tazama walioiwasha:

```
ls /var/lib/systemd/linger
```

Kila faili humo ni jina la mtumiaji. Unaweza kuizima kwa mmoja mmoja kwa `loginctl disable-linger mchambuzi1`, lakini ataiwasha tena. Ukitaka kuzuia moja kwa moja, unaandika kanuni ya polkit (huduma inayoamua nani aruhusiwe kufanya vitendo vya usimamizi) inayokataa kitendo cha `org.freedesktop.login1.set-self-linger` kwa wasio wasimamizi. Wasimamizi wengi wanaofunga cron kwa uangalifu mkubwa hawajawahi kuifungua saraka ile hata mara moja.

Sasa nije kwenye neno lako "kabisa", maana hapo ndipo ninapolazimika kukueleza jambo ambalo huenda hukulitarajia. Mtu mwenye shell (mahali pa kuandikia amri) hawezi kuzuiwa kabisa asiendeshe kitu baadaye. Anaweza kufungua tmux (programu inayoacha kikao kikiendelea hata akitoka) na kuandika hivi:

```
while true; do ./hesabu.sh; sleep 3600; done
```

Hiyo tayari ni cron yake binafsi. Anaweza kuwa na kompyuta nyingine inayoingia kwa ssh kila saa na kuamuru. Ipo njia ya kuua kila kitu mtu anapotoka, ni `KillUserProcesses=yes` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`, lakini kwenye seva ya wachambuzi mimi nisingeigusa. Hao ndio watu wanaoacha hesabu ya saa 14 ndani ya tmux na kwenda kulala. Utamzuia mmoja anayekera na kuwaharibia kazi 39 wasio na kosa.

Kwa hiyo zichukulie orodha hizi kama chombo cha utaratibu, na cha kupunguza njia za mvamizi aliyepata akaunti dhaifu. Hazikuundwa kumshinda mtu aliyekusudia na mwenye shell. Mtu wa namna hiyo unamshughulikia kwa mipaka ya rasilimali, au kwa kumwondolea shell, au kwa mazungumzo na mkuu wake.

Na ukisoma upya barua yako, naona tatizo lililokuamsha halikuwa cron. Lilikuwa kurundikana. Skripti inayochukua zaidi ya dakika moja, ikianzishwa kila dakika, itajaza seva hata ikiwa imeandikwa na mtu mwema kuliko wote. Cron haiangalii kama mzunguko uliopita umekwisha. Saa ikifika, inaanzisha mwingine. Dawa yake ni neno moja mbele ya amri:

```
* * * * * flock -n /home/mchambuzi1/.hesabu.lock /home/mchambuzi1/hesabu.sh
```

`flock -n` inajaribu kushika kufuli. Ikikuta mzunguko uliopita bado unaishikilia, inaondoka bila kelele. Kazi haitakuwa zaidi ya moja kwa wakati, hata iandikwe kila dakika. Ningeanza na mazungumzo ya dakika kumi na mtu huyu, nimwonyeshe mstari huu, nimuulize kama kweli anahitaji kila dakika. Mara nyingi jibu huwa kwamba alinakili mfano tu na hakujua nyota tano zina maana gani.

Kwa wale ambao mazungumzo hayawatoshi, weka ukomo. Kwenye Debian faili ya `/etc/pam.d/cron` tayari inaita `pam_limits` (sehemu ya PAM, mfumo unaoamua nani aruhusiwe na kwa mipaka gani), kwa hiyo mstari kama `mchambuzi1 hard nproc 60` ndani ya `/etc/security/limits.conf` unazifikia pia kazi zake za cron, na hataweza kuwa na michakato zaidi ya 60 kwa jumla. Nikuonye jambo moja hapa. Huenda ukasoma kwamba unaweza kumbana mtumiaji kwa kuweka `CPUQuota` (ukomo wa nguvu ya kichakataji) kwenye slaisi yake ya systemd, yaani fungu la michakato yake, `user-1001.slice` kwa mfano. Inafaa kwa anachokifanya akiwa ameingia. Lakini kwenye Debian kazi za cron haziingii kwenye slaisi ya mtumiaji. Zinabaki ndani ya `cron.service`, pamoja na za root na za watu wote. Ukomo wa slaisi hautazigusa. Kwenye Red Hat ni kinyume chake, kazi ya cron hufunguliwa kikao cha mtumiaji na ukomo unamfikia. Usiamini maandishi, hakikisha kwa `systemd-cgls` wakati kazi inaendelea, uone michakato hiyo imening'inia tawi gani.

Unaweza pia kuibana huduma nzima kwa `systemctl set-property cron.service CPUQuota=400%`, yaani nguvu ya viini vinne kwa kazi zote za cron zikijumlishwa. Kumbuka tu kwamba nakala rudufu zako nazo zimo humo.

Wengine huuliza kama wanaweza kuandika kikundi kizima kwenye cron.allow. Haiwezekani, humo ni majina ya watumiaji peke yake. Kwa vikundi unahitaji PAM, na faida yake ni kwamba PAM huulizwa na huduma yenyewe kila kazi inapotaka kuanza, yaani hapa ndipo unapomfikia yule fundi wa ndani. Ongeza `account required pam_access.so` kwenye `/etc/pam.d/cron`, kisha kwenye `/etc/security/access.conf` andika:

```
-:(wachambuzi):cron crond
```

Kuanzia hapo kazi za kikundi cha wachambuzi hazitaanza hata kama majedwali yao yapo, hata zikiwa zimeandikwa na root kwenye cron.d kwa majina yao. Ni nyundo kubwa. Ihariri faili ya cron peke yake, usiguse zile za pamoja zinazoanza na `common-`, kwa sababu hizo zinahusu pia ssh na sudo. Na kabla ya kuhifadhi chochote ndani ya pam.d, acha kikao kimoja cha root wazi kwenye dirisha jingine mpaka umejaribu na kuridhika.

Jambo la mtu anayeondoka kazini halimo kwenye swali lako, lakini litakufikia. Wengi hufunga nenosiri kwa `passwd -l` na kudhani wamemaliza. Cron haiulizi nenosiri; jedwali la aliyeondoka litaendelea kutekelezwa mwezi baada ya mwezi. `chage -E 0` ikifuatiwa na jina lake inaifanya akaunti ihesabike imekwisha muda, na hapo PAM inaikatalia cron. Kisha chukua nakala ya jedwali lake ulisome kabla ya kulifuta, kwa sababu si ajabu kukuta ripoti ambayo idara nzima inaitegemea ilikuwa inatoka kwenye crontab ya mtu mmoja aliyekwisha aga.

Ukishafunga, fuatilia. `journalctl -u cron` itakuonyesha mistari yenye neno CMD kwa kila kazi iliyoendeshwa na jina la aliyeimiliki, na `journalctl -t crontab` itakuonyesha mistari yenye REPLACE kila jedwali linapobadilishwa. REPLACE kutoka kwa akaunti ambayo hukuitarajia ni habari unayotaka kuipata siku hiyo hiyo. Waandikie pia watumiaji kabla hujafunga, uwaambie ombi lipelekwe wapi na litajibiwa ndani ya muda gani. Mahali ambapo ombi la cron hukaa wiki mbili bila jibu, kila mtu hujifunza tmux.

Unapopitia majedwali ya zamani, kuna vitu ambavyo ukivikuta usiendelee peke yako. Mstari wa www-data au wa akaunti ya hifadhidata usioujua ulikotoka. Amri inayopakua kitu kwa `curl` au `wget` na kukimimina moja kwa moja kwenye `sh`. Mfululizo mrefu wa herufi zilizofichwa kwa base64. Skripti inayoishi ndani ya `/tmp` au `/dev/shm`. Hizo ni dalili za uvamizi, na kama mvamizi amefika kwenye root, cron.allow yako haimzuii chochote. Usifute mstari huo kwa hasira na usiizime seva na kuiwasha upya, kwa sababu ushahidi ulio kwenye kumbukumbu ya mashine utapotea, na yeye huenda ana njia nyingine tatu za kurudi. Nakili jedwali na skripti, andika saa, itenge seva na mtandao kama kazi inaruhusu, kisha mwite mtu wa usalama wa mifumo akae na wewe mbele ya mashine hiyo. Fanya hivyo pia kama seva inashika taarifa za watu ambazo sheria inazilinda, hata kama huna uhakika kwamba kuna aliyeingia.